Swichi ya Sebuleni

Mume wangu Makongoro alikuwa mtu wa hotuba. Angeweza kusimama mbele ya watu saa nzima akiusema unyonyaji, hata maji hanywi, na watu wakapiga makofi mpaka viganja viwawashe. Nyumbani alikuwa na hotuba moja tu, fupi, na ilikuwa yangu peke yangu: "Mama Hana, mambo ya humu ndani unayoyajua wewe, kaa nayo hukohuko moyoni."

Nyumba yenyewe ilikuwa Musoma mjini, na ilikuwa ya Mhindi. Serikali ilipotaifisha majumba mwaka 1971, Mzee Jivraj na mkewe, Mama Kusum, walifunga mizigo wakaondoka. Nyumba ikagawanywa kwa ukuta wa matofali uliokata korido katikati. Upande mmoja tulipewa sisi, kwa kuwa Makongoro alikuwa karani wa ushirika wa pamba aliyehamishwa kutoka Bunda. Upande wa pili alipewa Ndugu Wenceslaus, afisa wa elimu ya watu wazima, na mkewe Skolastika. Siku tulipohamia, mwaka 1972, majirani walikuja kutupongeza kana kwamba tumepata mtoto. Makongoro aliwatembeza chumba kwa chumba akiwaonyesha taa za umeme, anawasha, anazima, anawasha tena.

Mimi nilikuwa nimesimama jikoni, kwenye jiko lilelile nililolisugua miaka sita. Nilikuwa yaya wa Mama Kusum. Niliingia nyumba ile mwaka 1959, msichana mbichi kutoka karibu na Butiama, sijui hata kufungua bomba. Nikatoka mwaka 1965, nilipoolewa. Vyumba vyote nilivijua kwa magoti, maana ndivyo nilivyokuwa nikivipiga deki. Wala hakuna jirani aliyenikumbuka. Nani humtazama usoni yaya wa Mhindi?

Makongoro alilijua hilo tangu alipokuja kunichumbia, na wakati ule halikumsumbua. Lilianza kumsumbua alipoanza kupanda vyeo. Watu aliwaambia kwamba alinitoa kwa masista, kwamba nilikuwa mwanafunzi wa misheni. Mimi masista nilikuwa nawaona kanisani tu, Jumapili, nikiwa nimekaa nyuma. Lakini alikwisha kusema, na wakubwa wake walikwisha kusikia, kwa hiyo mimi nikawa mtoto wa masista. Akanionya waziwazi, mara moja tu, kwa sauti ya chini: siku nikimwaibisha mbele za watu kwa habari za uyaya, nitarudi kwetu. Na watoto watabaki. Ng'ombe wa mahari walikwisha kwenda kwa baba yangu, wote, kwa hiyo Hana na mdogo wake Wanzagi walikuwa wa ukoo wa baba yao. Hilo halikuhitaji kuelezwa, kwetu kila mwanamke hulijua kabla hajajua kusonga ugali.

Basi nikanyamaza. Nilinyamaza miaka miwili, na ningeweza kunyamaza hata ishirini.

Aprili ya mwaka 1974 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Bati la juu ya sebule lilikuwa limeoza, maji yakapenya, silingi bodi ya dari ikavimba na kushuka tumbo. Taa ya sebuleni ilikuwa na bakuli la kioo lililobanwa kwa skurubu tatu. Maji yakajaa humo pamoja na wadudu waliokufa, na siku ya Jumanne mchana, nikiwa nachambua mchele, nikasikia mlio. Nusu ya bakuli ilikuwa imeanguka chini na kusambaa mpaka mlangoni. Nusu nyingine ilining'inia kwa skurubu moja. Holda ya kushikia globu ilikuwa imepasuka ubavuni, na pale ilipopasuka waya ulionekana mwekundu, shaba tupu.

Nilishukuru Mungu kwamba watoto walikuwa shuleni. Kisha nikafanya nilivyofundishwa. Nilivaa viatu kwanza, nikakusanya vioo kwa ufagio, nikavifunga kwenye gazeti nene. Nikasogeza viti vyote mbali na chini ya taa, nikavizungushia kamba ya kuanikia nguo ili mtu asipite pale. Nikabandika plasta juu ya swichi ili asiibonyeze mtu kwa mazoea. Taa yenyewe sikuigusa, sikuigusa hata kwa mpini wa ufagio.

Ile swichi ya sebuleni ilikuwa inadanganya. Ukiibonyeza, taa inazimika kweli, nawe unaona kazi imekwisha. Lakini fundi wa kwanza kabisa aliyejenga nyumba ile alikuwa amebadilisha nyaya. Swichi ilikata waya unaorudisha umeme, na ule unaouleta ukabaki na moto wake palepale kwenye holda, mchana na usiku. Tulilijua hilo mwaka 1962 kwa njia mbaya. Mpishi wetu Silasi, mtu wa makamo, mcheshi, aliambiwa abadilishe holda. Alizima swichi. Akapanda ngazi. Tulisikia kishindo tu. Alirushwa mpaka kwenye kabati la vyombo, mkono ukavunjika, vidole viwili vikawa vyeusi na havikurudi tena kuwa vidole. Fundi aliyeitwa baadaye kutoka Mwanza ndiye aliyetueleza. Akasema kurekebisha ni kubomoa ukuta, na Mzee Jivraj hakutaka ukuta wake ubomolewe. Badala yake ikawekwa amri: hakuna kugusa taa ya sebuleni mpaka meni swichi, ile kubwa ya kuzima nyumba nzima, ishushwe kule kwenye korido. Mama Kusum alinikalisha chini akanikaririsha maneno hayo kama katekisimu, mpaka nikayasema bila kukosea.

Na meni swichi sasa ilikuwa wapi? Ukuta wa matofali ulipojengwa, mita na meni swichi vikaangukia upande wa Wenceslaus. Ukitaka kuzima umeme wa kwetu, ubishe hodi kwao.

Jioni ile Makongoro alipotoka kazini nilimngoja ale, ashibe. Nikamweleza habari ya swichi taratibu.

"Baba Hana, hiyo taa isiguswe mpaka meni swichi ishuke."

"Nani kakwambia?"

"Unajua nani kaniambia. Silasi aliungua palepale."

Akaweka kijiko chini. "Maneno ya yaya hayo. Unataka nikabishe kwa Wenceslaus nimwombe anizimie umeme wa nyumba yangu?"

Hawakuwa wakielewana, yeye na Wenceslaus. Wote wawili walikuwa wameutaka upande wenye stoo, akaupata Wenceslaus, na tangu siku hiyo walisalimiana kwa kutikisa vichwa. Nikasema nitakwenda mimi, nitamwomba Skolastika, sisi wanawake hatuna ugomvi. Akasema nisithubutu. Hata hivyo kesho yake, alipokwisha kuondoka, nilikwenda. Nikakuta kufuli. Skolastika alikuwa amefiwa na mama yake huko Murangi, walikuwa wamekwenda wote, mlango wa mbele na wa nyuma umefungwa, na jirani mwingine akaniambia watarudi Jumapili.

Jumapili haikuwa mbali, ningengoja. Tuliwasha taa ya chemli sebuleni na watoto wakazoea kuzunguka kamba. Makongoro naye alikuwa amepeleka barua ya kuomba fundi, akajibiwa kwamba mafundi wote wako kwenye vijiji vipya, wanajenga. Kila mtu mwaka ule alikuwa kwenye vijiji vipya. Tungemaliza siku nne hizo salama kabisa kama Makongoro asingekuja Alhamisi amechangamka, akipiga mluzi, na holda mpya mfukoni aliyoinunua dukani Mwigobero.

"Jumamosi tunapata wageni," alisema. "Mzee Keraryo kutoka mkoani, na wenzake wawili. Wanakuja kuniangalia."

Sikuhitaji kuuliza wanakuja kumwangalia kwa nini. Kulikuwa na nafasi ya kwenda chuo cha uongozi, na anayerudi kutoka huko hupewa tarafa. Alikuwa ameitaka nafasi hiyo mpaka alikuwa akiitaja usingizini.

"Na taa?" nikauliza.

"Nitaifunga mwenyewe. Unafikiri nitawamulikia wakubwa kwa chemli, ndani ya nyumba ya umeme?"

"Ngoja Jumapili, nakuomba. Waje mapema, wale mchana, waondoke kungali na mwanga."

"Mama Hana." Aliniangalia vile alivyoniangalia siku ile aliponionya. Nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa nilimbembeleza tena, na Jumamosi asubuhi mara ya tatu. Nilimwambia kama ni aibu ya Wenceslaus, basi aite mtu mwingine anayejua, aje na testa yake apime kwanza. Akasema mke wake amekuwa injinia. Alikuwa na kazi ya kununua samaki na kuazima viti, na taa akaiacha. Ilipofika saa nane nikaanza kuamini kwamba ameisahau, na moyo wangu ukatulia. Nilikaanga samaki, ngege wanane, nikasonga ugali wa mtama na muhogo, nikawapeleka watoto kucheza kwa jirani.

Wageni walifika saa kumi. Mzee Keraryo alikuwa mtu mfupi, mzito, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, anaongea polepole na kusikiliza sana. Wenzake wawili walikuwa vijana wa ofisini, suruali zimenyooshwa pasi. Waliingia, tukasalimiana, wakaketi. Mimi kamba nilikuwa nimeitoa kwa amri ya bwana, lakini viti niliviacha kando ya kuta, katikati nikaacha meza peke yake.

Wingu likafunga. Mvua ya jioni ilikuwa inakuja kutoka ziwani na sebule ikawa giza saa kumi na nusu, giza la kutoonana nyuso. Kijana mmoja akacheka, akasema, "Ndugu Makongoro, umeme umeunyima wageni?"

Alikuwa anatania tu, lakini Makongoro akasimama mara moja. Akabandua plasta yangu, akabonyeza swichi. Taa ikawaka, ikafifia, ikanguruma, na kwenye ule ufa wa holda ikaruka cheche ya buluu. Wageni wakavuta miguu.

"Ni kaholda tu," Makongoro alisema. "Dakika tano. Sisi siyo watu wa kungojea Mhindi aje atufungie taa."

Wakacheka. Akabonyeza swichi, taa ikazimika. Akatoa koleo kwenye droo, akanishikisha. Akavua viatu asichafue meza, akapanda na soksi zake mbichi, maana alikuwa ametoka kukanyaga maji uani. Mkono mmoja akashika bomba la chuma lililopitisha nyaya darini. Mkono wa pili akaushusha kwangu. "Lete koleo."

Lile koleo lilikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa koleo tupu la kung'olea misumari, halina hata mpira kwenye mpini. Sikulitoa.

"Lete koleo, mama," alisema tena, anatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Baba Hana, shuka. Naogopa."

Wageni wakacheka kwa upole. Kijana wa pili akasema mama zetu umeme bado unawatisha, hata mama yake kule kijijini hagusi redio. Makongoro akacheka kuliko wote. "Swichi nimezima, wewe si umeona? Taa si imezimika?"

"Imezimika, lakini moto upo."

"Unaota." Akanyoosha mkono juu bila koleo, anataka kuifungua holda kwa vidole.

Watu huniuliza kwa nini sikufanya hivi, kwa nini sikufanya vile. Wao hawakuwa wamesimama pale. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Niliwaona Hana na Wanzagi, nikaona kabisa mlango wa nyumba hii ukifungwa nikiwa nje na wao wakiwa ndani. Nikaona pia vidole vya Silasi. Woga wangu haukumzuia, machozi yasingemzuia, uongo wowote wa haraka haraka ungempa cha kucheka tu. Kilichobaki kilikuwa kimoja.

Nilipiga kelele: "Usiguse! Nilifanyaga kazi nyumba hii! Nilikuwaga yaya wa Mhindi humu, miaka sita! Swichi hiyo inakata waya ambao siyo! Silasi mpishi alirushwa hapohapo unaposimama, akavunjika mkono, vidole vikaungua! Meni swichi iko kwa Wenceslaus na Wenceslaus hayupo!"

Hakuna aliyesogea. Mkono wa Makongoro ulikuwa umebaki hewani, kama shubiri moja kutoka kwenye shaba. Hakuwa anaitazama taa. Alikuwa ananitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, wala sitaki tena.

Mzee Keraryo ndiye aliyesema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Shuka, mura."

"Mzee, huyu mwanamke..."

"Nimesema shuka. Ametaja vidole vilivyoungua na jina la mtu, hayo siyo ya kubuni. Shuka taratibu, achia hilo bomba kwanza."

Akashuka. Nikaenda kuleta chemli, nikaiweka dirishani, nikaandaa chakula. Tulikula, maana chakula kilikuwepo na wageni walikuwepo. Katikati ya kula Mzee Keraryo akaniuliza kwa upole huyo Mama Kusum alikuwa mtu wa namna gani, nikamjibu kwamba alikuwa mkali lakini halali mtu na njaa nyumbani kwake. Akacheka.

"Mimi nilikuwaga mpishi wa Mzungu kule Tarime," alisema. "Miaka minne. Mpaka leo najua kupika keki ya ndizi, ila nani atanipa mayai?" Akamgeukia Makongoro. "Una bahati, Ndugu. Mwenzako anajua kazi, na anajua kusema. Wengi wangekuacha uguse."

Nilidhani nimepona. Nilisimama pale na jagi la maji ya kunawa, nikajiambia kwamba kumbe hakuna aliyejali. Mtu mkubwa wa mkoa alikuwa mpishi, anasema hadharani, anajilamba mchuzi vidoleni. Hiyo aibu yote niliyofungiwa nayo kinywani miaka miwili ilikuwa ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anamega ugali bila kuinua macho.

Wageni walipoondoka Makongoro hakunipiga. Alikwenda kulala na nguo zake. Jumapili Wenceslaus na Skolastika walirudi kutoka msibani. Nilikwenda kuwapa pole, na palepale nikamwomba Skolastika aniitie fundi Chacha, shemeji yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akaja Jumatatu jioni. Makongoro alikuwepo, amesimama mlangoni mikono nyuma.

Chacha alizima swichi. Kisha, kabla ya kitu chochote, akapanda ngazi ya mbao kavu na kuinua testa yake, bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. Akagusisha ile shaba. Mpini ukawaka mwekundu.

"Umeona?" alimwambia Makongoro. "Swichi imezimwa na moto huu hapa. Ungegusa na soksi mbichi, umeshika bomba, tusingekuwa tunaongea sasa hivi. Nani aligundua?"

Makongoro aligeuka akatazama uani. Mimi nikashika ngazi isitikisike.

Chacha alimwomba Skolastika ashushe meni swichi. Akapima tena, akapima na mara ya tatu, ndipo akafungua ile nusu ya bakuli, akatoa holda iliyopasuka, akakata waya ulioungua mpaka penye uzima. Kisha akafungua swichi ukutani na boksi la nyaya, akaziweka kama zinavyotakiwa. Wala hakubomoa ukuta. Ilimchukua saa moja na nusu, kazi iliyoogopwa tangu mwaka 1962. Akaniambia bati lizibwe kabla ya kufunga silingi bodi mpya, la sivyo tutarudi palepale. Meni swichi ilipopandishwa, taa ikawaka nyeupe, imetulia. Watoto wakapiga makofi.

Barua ya chuo ilikuja baada ya wiki mbili. Makongoro alichaguliwa. Nasikia Mzee Keraryo aliandika kwamba nyumba yake ina heshima ya kazi. Siku ileile ya barua Makongoro aliniambia nipange vitu vyangu, kaka yangu Mhoja amekwisha kupewa habari, nitakwenda naye Butiama.

"Nimekosa nini?" nikamuuliza. "Mzee Keraryo amekukataa? Umefukuzwa kazi?"

"Panga vitu," alisema.

Nililia, sitaficha. Nilimshika miguu. Nilimwambia nitanyamaza maisha yangu yote, hata jina la Musoma sitalitaja. Wazee wa ukoo wake walikuja kutoka Bunda, wakakaa chini ya ile taa nyeupe, wakasema mwanamke aliyempigia mumewe kelele mbele ya wageni, na yeye yuko juu ya meza, amemvua nguo. Mmoja wao akauliza kama kweli umeme ulikuwepo. Makongoro akajibu kwamba hajui. Alisema hivyo mbele yangu: hajui. Skolastika alitaka kuingia aseme alichokisikia kwa Chacha, wakamwambia hicho ni kikao cha ukoo.

Asubuhi ya safari Makongoro alinisindikiza kituoni mwenyewe, amebeba boksi langu la bati kichwani kama mume mwema. Watoto alikuwa amewapeleka shuleni mapema nisiwaage. Mhoja alikwisha kupanda basi. Tulisimama pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitazama usoni.

"Wazee niliwadanganya," alisema. "Najua umeme ulikuwepo. Testa niliiona."

"Sasa?"

"Najua uliniokoa. Usiku huwa naamka nashika vidole vyangu. Lakini kila nikikuona, nasimama tena juu ya ile meza. Na yaya ananiambia shuka. Siwezi kukaa tarafani, watu wananiita mheshimiwa, halafu narudi nyumbani kwa mtu aliyeniona vile. Ningekuwa nimekufa ungekuwa mke wangu mpaka leo, Nyamburi. Ungekaa na watoto."

Alisema kweli, ndilo linaloniuma zaidi. Mjane wake angepewa pole na mji mzima. Ndugu zake wangemkalisha na watoto, angevaa nyeusi, Mzee Keraryo angekuja na sukari na mchele, na hotubani wangemtaja jina. Mimi nilipewa boksi la bati.

Sikumpa mkono. Nilipanda nikakaa karibu na Mhoja.

Nimekaa kwa kaka yangu miaka mingi sasa. Hana aliolewa bila mimi kuwepo, Wanzagi nilimwona mara mbili. Makongoro alipata tarafa yake, akaoa msichana aliyetoka kweli kwa masista, akapata watoto wengine watano, na vidole vyake kumi anavyo vyote. Kijijini hapa wanawake wenzangu hunituliza. Husema nilifanya la haki, kisha huniuliza, kama ningerudishwa siku ile, ningepiga kelele tena? Huwa najibu ndiyo. Najibu upesi sana, kabla swali halijaisha, kwa sababu nikichelewa kidogo najiogopa.